KUOMBA KUONA SI KUSHTAKI

Katika kituo cha biashara cha Omugo, wilayani Terego, kama ilivyo pia Arua na Koboko, haipiti siku bila watu kuandikwa. Mkulima anapojiunga na chama cha akiba na mikopo, huandikwa jina lake, jina la mdhamini wake, idadi ya watoto wake na mahali lilipo shamba lake. Mama anapotuma fedha kwa simu, wakala huandika namba yake na namba ya kitambulisho chake katika daftari lililo wazi juu ya meza. Mgonjwa anapoingia katika zahanati ya mtu binafsi, maradhi yake huandikwa. Mzazi anapompeleka mtoto katika shule ya kulipia, habari za nyumba yake huandikwa. Mwisho wa mwaka mtu mmoja wa kawaida anakuwa ameandikwa katika madaftari saba au manane ambayo yeye mwenyewe hajapata kuyafungua hata siku moja.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu swali ambalo huonekana dogo, lakini uzito wake ni mkubwa. Je, mtu huyo akienda mbele ya kaunta na kusema, "Naomba nione mlichoandika juu yangu," mwenye daftari afanye nini?

Kwa desturi iliyozoeleka, mwenye daftari hushtuka. Hudhani ametuhumiwa wizi. Hujiuliza ni nani aliyemtuma mtu huyu, na ni jambo gani baya linalotafutwa. Kisha hutoa jibu moja kati ya majibu mawili. Ama husema kwa ukali kwamba daftari ni mali ya kampuni na halionyeshwi kwa mtu yeyote, ama, kwa kutaka mambo yaishe haraka, husukuma daftari zima mbele ya mwombaji na kumwambia ajitafutie mwenyewe. Majibu yote mawili ni makosa. La kwanza humnyima mtu haki yake. La pili humpa mtu mmoja haki yake kwa kuwavua nguo watu mia wengine walioandikwa katika daftari hilohilo.

Ndugu wasikilizaji, haki hiyo haikutoka hewani. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda faragha ya mtu, ya nyumba yake, ya mawasiliano yake na ya mali yake. Baadaye Bunge likapitisha sheria ya kulinda data na faragha, ambayo Rais aliitia sahihi mwezi wa Februari mwaka 2019. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2021, zikaweka taratibu na fomu mbalimbali za maombi na malalamiko. Kazi ya kuisimamia ikakabidhiwa Ofisi ya Kulinda Data Binafsi, ambayo sheria iliiweka chini ya mamlaka ya teknolojia ya habari, yaani NITA-U, mjini Kampala.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu akithibitisha kwamba yeye ndiye, anaweza kumtaka mwenye kushika taarifa amjibu mambo matatu. Kwanza, kama kweli ana taarifa zozote juu yake. Pili, taarifa hizo ni zipi. Tatu, ni nani wengine waliozipata au waliokwisha kuzipata. Jibu linatakiwa litolewe bila kukawia, na kwa vyovyote lisipite siku 30 tangu ombi lilipopokelewa. Na ikionekana kwamba kilichoandikwa si sahihi, au kimepitwa na wakati, au kilipatikana kinyume cha sheria, mtu huyo anaweza kutaka kisahihishwe au kifutwe.

Ni muhimu kufahamu kwamba sheria haikusema inawahusu wenye majengo ya ghorofa tu. Haikumsamehe mwenye duka lenye wafanyakazi wawili, wala chama chenye wanachama 60. Benki kubwa ya Kampala na wakala aliye chini ya mwembe mjini Omugo, mradi wote wawili wanakusanya habari za watu, wamo ndani ya sheria ileile. Tofauti ni kwamba benki ina wanasheria na idara nzima ya kuitazama sheria hiyo, na wakala ana kiti, mwavuli, simu mbili na daftari moja.

Baadhi ya watu husema kwamba mambo haya ni ya Wazungu, kwamba yaliletwa kutoka Ulaya, ambako sheria ya namna hii ilianza kutumika katika nchi za Umoja wa Ulaya mwezi wa Mei mwaka 2018. Usemi huo hauwafai watu wa Nile Magharibi hata kidogo. Wazee wa sehemu hizi wanajua vizuri kuliko wengi maana ya jina kuwa katika karatasi isiyoonekana. Katika miaka ya 1970, chini ya utawala wa Idi Amin, idara ya upelelezi iliyoitwa State Research Bureau iliweka habari za raia, na raia hakuwa na mlango wa kubisha ili aulize kilichoandikwa juu yake. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1979, upepo ukageuka. Watu wengi wa Nile Magharibi wakahesabiwa kuwa na hatia kwa sababu ya kabila lao na mahali walipotoka, na kuanzia mwaka 1980 maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka kukimbilia Zaire na Sudan. Huko nako wakaandikwa, safari hii kama wakimbizi. Watu waliopitia hayo hawana haja ya kufundishwa na Ulaya kwamba habari za mtu zinaweza kuwa ngao yake au mkuki juu yake.

Leo njia zilezile zimeleta wengine. Mwaka 2017 sehemu ya Omugo iliongezwa katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp ili kuwapokea watu waliokimbia vita vya Sudan Kusini. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi waliwahakiki wakimbizi wa nchi nzima kwa alama za vidole na kwa mboni za macho, na wapatao milioni 1 na laki 1 wakathibitishwa. Hiyo ni kazi ya mashirika makubwa yenye mitambo. Lakini mkimbizi huyohuyo, akitoka katika foleni ya mgawo, huenda kununua laini ya simu, huweka akiba katika kikundi, hutibiwa katika zahanati ndogo, hukopa sabuni na chumvi dukani. Kila mahali huacha jina, kijiji alichotoka, na mara nyingine habari za ndugu waliobaki ng'ambo ya mpaka. Habari hizo zikiangukia mkono usiofaa, madhara yake yanaweza kuwa makubwa kuliko deni la chumvi.

Sasa tuutazame utaratibu wenyewe, maana sheria nzuri isiyo na utaratibu ni kama jembe lisilo na mpini.

Tuchukue mfano wa chama kidogo cha akiba na mikopo. Kina katibu, mhasibu na kamati ya mikopo. Siku moja mwanachama anaomba mkopo wa kununua mbegu, kamati inamkatalia, na inamwambia tu kwamba rekodi yake si nzuri. Yeye anakumbuka kwamba mkopo wake wa nyuma aliulipa wote. Anarudi na ombi la kuona rekodi hiyo. Hilo ndilo ombi linalozungumzwa na sheria, hata kama mwombaji hakutaja sheria yoyote wala hajui kama ipo.

Hatua ya kwanza ni kulipokea ombi na kuandika tarehe. Jambo hili huonekana dogo, lakini siku 30 haziwezi kuhesabiwa kama hakuna anayejua zilianza lini. Yafaa kuwe na daftari la maombi, hata la kurasa 32 lile la shule, lenye jina la mwombaji, tarehe aliyofika, alichoomba na tarehe aliyojibiwa. Kanuni za mwaka 2021 zina fomu zake, na mwenye ofisi angefanya vyema kuwa na nakala chache. Mwombaji asiyejua kusoma asifukuzwe. Asaidiwe kuandika, asomewe kilichoandikwa kwa lugha anayoielewa, iwe Kilugbara, Kikakwa, Kiswahili au Kiarabu cha Juba, ndipo atie dole gumba.

Hatua ya pili ni kujua kwa hakika ni nani anayeomba. Hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa kuliko zote. Katika miji mikubwa, ofisi humtaka mtu kitambulisho kwa sababu haimjui. Katika mji mdogo ofisi humwamini mtu kwa sababu inamjua, na kumjua huko ndiko kunakoleta msiba. Mume anaingia na kusema, "Nipeni hesabu ya mke wangu, ninyi si mnanijua?" Ni kweli wanamjua, walikula naye harusini. Lakini akiba si yake. Huenda mama yule amekuwa akiweka shilingi elfu mbili elfu mbili kwa ajili ya ada ya mtoto, na siku mume atakapojua, ada itageuka kuwa pombe, na mama atapata kipigo. Karani aliyetoa habari hiyo hakuiba hata senti moja, lakini amevunja nyumba.

Kwa hiyo kanuni iwe moja kwa watu wote: habari za mtu hupewa mtu mwenyewe, au yule aliyemtuma kwa maandishi yanayoweza kuthibitishwa. Undugu, ndoa, ukubwa wa cheo, wala kuwa mwenyekiti wa kijiji, si kitambulisho. Wala jina peke yake halitoshi. Miongoni mwa Walugbara majina mengi hutolewa kwa kufuata hali iliyokuwapo mtoto alipozaliwa, iwe huzuni, ugomvi au msiba, na kwa kuwa huzuni haina mwenyewe, jina moja huweza kuwa la watu wengi katika leja moja. Yafaa jina lilinganishwe na jina la baba, kijiji, namba ya uanachama, na kitambulisho cha taifa au karatasi ya ukimbizi.

Lakini hapa pana onyo. Kumtambua mtu hakuna maana ya kumnyang'anya kitambulisho chake. Kitazamwe, kirudishwe papo hapo. Kuna wakopeshaji wanaoweka vitambulisho vya watu kabatini kama rehani, tabia ambayo mamlaka ya serikali inayosimamia wakopeshaji wadogo imekwisha kuipiga marufuku. Mtu asiye na kitambulisho chake hawezi kuthibitisha kwamba yeye ndiye, na asiyeweza kuthibitisha hivyo amefungiwa mlango wa haki hii na nyingine nyingi.

Hatua ya tatu ni kutafuta mahali pote. Kampuni ndogo hudhani kwamba taarifa zake zimo katika leja tu. Walakini, ukiuliza kwa utulivu utakuta nyingine zimo katika simu ya mhasibu, nyingine katika kikundi cha WhatsApp cha kamati, nyingine katika karatasi zilizochomekwa kwenye msumari ukutani. Je, picha ya kitambulisho cha mwanachama iliyomo katika simu ya mfanyakazi aliyeacha kazi mwaka jana iko mikononi mwa nani? Ombi moja la mwanachama mmoja linaweza kumfumbua macho mwenye kampuni kwamba hajui hata yeye mali aliyoishika. Ndiyo maana yafaa kila kampuni, kabla ya kuombwa, ikae nusu siku na kuandika katika ukurasa mmoja: tunakusanya nini, kwa sababu gani, tunakiweka wapi, nani anakiona, na tunakitupa lini. Ukurasa huo mmoja ni nusu ya kazi yote. Tena, mara nyingi huonyesha kwamba nusu ya yanayoulizwa watu hayakuwa na haja ya kuulizwa.

Hatua ya nne ni kufunika ya wengine. Ukurasa wa leja una mistari 20, na mwombaji ana mstari mmoja. Hana haki ya kusoma mistari 19 ya jirani zake, wala sheria haimlazimishi mwenye daftari kumfichua mtu mwingine ambaye hakukubali. Dawa yake si ngumu. Mstari wa mwombaji unakiliwa katika karatasi safi, ukatiwa sahihi na muhuri, au mistari mingine inafunikwa kwa karatasi kabla ya kupiga nakala. Lakini kuwapo kwa habari za wengine kusiwe kisingizio cha kumnyima mwombaji za kwake. Funika zao, mpe zake.

Hatua ya tano ni kujibu kwa maneno yanayoeleweka. Kumpa mkulima karatasi yenye vifupisho na namba za siri za ofisi si kumjibu. Aelezwe: huu ni mkopo wako wa mwaka fulani, haya ni malipo yako, hapa pameandikwa kwamba ulichelewa miezi miwili, na habari hii tuliipeleka mahali fulani. Katika mfano wetu, huenda ikaonekana kwamba malipo yake ya mwisho yaliandikwa katika mstari wa mtu mwingine mwenye jina kama lake. Basi siku hiyo chama hakikushtakiwa. Kimesahihishiwa hesabu yake bure, na mwanachama ambaye angeondoka na kinyongo amebaki.

Hapo ndipo kilipo kiini cha mazungumzo haya. Kuomba kuona si kushtaki. Wakulima wa tumbaku wa sehemu hizi kwa miaka mingi walisimama mbele ya mizani na kutaka waone mshale unapoelekea, wasiishie kusikia sauti ya karani. Karani mwaminifu hakukasirika, aliugeuza uso wa mizani. Daftari la taarifa za watu ni mizani pia, nalo lina uso unaoweza kugeuzwa.

Mfano mwingine ni wa afya. Jina la Omugo linajulikana na madaktari wa nchi nyingi kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la madaktari wasio na mipaka, MSF, liliwatibu wagonjwa wa malale hapa, na katika mwaka 2001 na 2002 wagonjwa wa Omugo walishiriki katika jaribio lililolinganisha michanganyiko mitatu ya dawa. Mchanganyiko wa nifurtimox na eflornithine ulioonekana kufaa ukaendelea kuchunguzwa, na mwaka 2009 ukaingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2022 shirika hilo lilithibitisha kwamba malale ya aina hiyo si tatizo tena la afya ya umma katika Uganda. Ushindi huo ulipatikana kwa dawa, na pia kwa madaftari yaliyowekwa vizuri, kwa kuwa mgonjwa wa malale alitakiwa kupimwa tena na tena kwa muda mrefu baada ya kutibiwa. Zahanati ndogo za leo zina wajibu huohuo. Mgonjwa anayehama kutoka Omugo kwenda Koboko, na akataka nakala ya alichopimwa na dawa alizopewa, hataki ugomvi. Anataka daktari wa pili asianze gizani. Na kwa kuwa sheria huhesabu habari za afya, pamoja na habari za fedha za mtu, kuwa za namna ya pekee zinazohitaji uangalifu zaidi, nakala hiyo iwekwe katika bahasha, isipitishwe mkono kwa mkono hadi kwa mlinzi wa getini.

Ndugu wasikilizaji, wako watakaosema kwamba kampuni ndogo haziguswi, kwamba ofisi ya Kampala iko mbali, karibu kilomita 500 kutoka Arua. Yafaa watazame kwa jirani. Mwezi wa Septemba mwaka 2023, Kamishna wa Kulinda Data wa Kenya alitangaza faini dhidi ya taasisi tatu. Moja ilikuwa shule, Roma School, iliyotozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Nyingine ilikuwa baa ya Casa Vera, shilingi 1,850,000, kwa kutangaza picha ya mteja bila ridhaa yake. Ya tatu ilikuwa kampuni ya kukopesha kwa simu, Mulla Pride, shilingi 2,975,000, kwa kutumia namba na majina yaliyopatikana kwa watu wengine ili kuwasumbua watu kwa simu na ujumbe wa vitisho. Shule, baa na mkopeshaji: hiyo ni barabara yoyote ya mji wowote wa Afrika ya Mashariki. Tena Kenya imefupisha muda kuliko sisi. Kanuni zake za mwaka 2021 zinataka ombi la mtu kuona taarifa zake lijibiwe ndani ya siku 7, na bila malipo.

Kwetu Uganda, mtu anayetoa au kufichua taarifa za watu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini hadi shilingi 4,800,000, au kufungwa hadi miaka 10, au kupata adhabu zote mbili, na kampuni yenyewe inaweza kuamriwa kulipa hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Sheria imekataza pia kuharibu, kufuta, kuficha au kubadilisha taarifa kinyume cha utaratibu. Kwa hiyo mwenye ofisi ambaye, baada ya kuombwa, anachana ukurasa usiku ili asubuhi aseme haupo, anatoka katika uzembe na kuingia katika kosa la jinai. Na mtu aliyepata hasara kwa sababu ya uvunjaji wa sheria hii anaweza kwenda mahakamani kudai fidia.

Hata hivyo haingekuwa haki kuwatwika wenye kampuni ndogo mzigo wote na kuwaacha njiani. Sheria imeandikwa kwa Kiingereza cha mahakama. Karani wa Omugo, aliyesoma kidato cha nne, hawezi kulaumiwa kwa kutokuelewa maandishi ambayo hata wenye digrii huyasoma mara mbili. Ofisi ya Kulinda Data Binafsi, wilaya, na vyama vinavyounganisha vyama vya akiba, havina budi kuyaleta maelezo haya katika lugha za watu: ukurasa mmoja wa Kilugbara, mmoja wa Kiswahili, mmoja wa Kiarabu cha Juba, ubandikwe ukutani kando ya bei za bidhaa. Kujiandikisha katika ofisi hiyo, ambako kila mwenye kukusanya taarifa za watu anatakiwa kufanya, kusiwe safari ya siku mbili kwa mtu asiye na kompyuta.

Wananchi nao wana sehemu yao. Haki ya kuona si haki ya kusumbua. Mtu aeleze kwa uwazi anachotaka: mkopo gani, matibabu gani, mwaka gani. Aende na uthibitisho wake. Ampe mwenye ofisi nafasi ya kutafuta, asidai jibu papo hapo mbele ya foleni ya wateja, maana siku 30 zimewekwa kwa ajili hiyo. Aweke nakala ya ombi lake yenye tarehe. Na siku zikipita bila jibu, aandike tena, kisha apeleke malalamiko kwenye ofisi inayohusika. Asilete kijana wa kupiga kelele.

Na mwenye kampuni anayelazimika kukataa ombi, kwa sababu mwombaji ameshindwa kujithibitisha au kwa sababu habari ni za mtu mwingine, akatae kwa maandishi na aseme sababu. Jibu la "hapana" lenye sababu ni jibu, na mtu anaweza kulipinga au kulitimiza. Kimya si jibu, na "njoo kesho" ya kila siku ni kimya kilichovaa kanzu.

Ndugu wasikilizaji, biashara ndogo ya Nile Magharibi haina mtaji mkubwa. Mtaji wake mkubwa ni kuaminiwa. Mtu huweka fedha zake kwa wakala wa kijijini badala ya kuzifukia chini ya kitanda kwa sababu anamwamini, na humwambia mganga wa zahanati yale ambayo hajamwambia ndugu yake kwa sababu anamwamini. Kampuni inayoweza kumwambia mtu, "Hiki ndicho tulichoandika juu yako, wala hatukumwonyesha mwingine," imekwisha kuonyesha kwamba haikupewa imani hiyo bure. Basi wenye ofisi wote wafungue kabati zao juma hili, kabla hawajaombwa na mtu, watazame kilichomo, wasahihishe kilichokosewa, na kile kisicho na kazi wakiondoe kwa utaratibu.